Mshenga wa Modemu

Watu wakinisikia nikisema kwamba ndoa yangu nusura ivunjwe na modemu kabla haijafungwa, hucheka. Wacheke tu. Wao hawakuwa na mkwe kama wangu, wala hawakuwa na mshenga kama niliyekuwa naye mimi, Mungu amrehemu, maana kama mimi mwenyewe nisingemwombea rehema siku ile, ningekuwa nimemkaba koo.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, kila mtu ni Ndugu, na sukari inatafutwa kwa tetesi. Nilikuwa fundi katika karakana ya simu mjini Bukoba. Nilikuwa nimepelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo, nikarudi kichwa kimevimba kidogo, nasema maneno ambayo hata wenzangu karakanani walikuwa hawayajui. Ndipo zikaletwa hizo modemu mbili, moja yetu, moja ya ofisi ya kahawa ya Muleba, kila moja sanduku la chuma la kubebwa na watu wawili. Kazi yake ilikuwa hii: teleprinta inaandika herufi, modemu inazigeuza herufi kuwa mluzi, mluzi unapita kwenye waya wa simu, na modemu ya upande wa pili inaugeuza mluzi kuwa herufi tena. Nilimweleza mama yangu kule Kashozi kwamba ni mkalimani.

“Kwa hiyo serikali imenunua mkalimani wa chuma,” mama akasema, “na mimi hapa sina sabuni.”

Kabla ya kuiamini mitambo ya namna hiyo lazima uipime, na kipimo chenyewe ni rahisi. Unatuma maneno, unayafungia njia mahali fulani, yanakurudia. Yakirudi kama yalivyokwenda, njia ni nzima hadi hapo. Yakirudi yamevurugika, au yasiporudi kabisa, unajua ugonjwa uko wapi. Kwa ajili hiyo kila modemu ilikuwa na swichi ya kuzungusha yenye nafasi tatu. Nafasi ya kwanza ni ya kazi: maneno yanakwenda na kuja kati ya Muleba na Bukoba. Ukiiweka modemu ya Muleba kwenye nafasi ya pili, chochote kinachotoka Bukoba kinafika Muleba, kinageuka na kurudi Bukoba. Ukiiweka kwenye nafasi ya tatu, chochote ambacho Muleba wanakituma hakitoki hata nje ya mlango. Kinawarudia wao wenyewe palepale. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoniletea balaa.

Sasa basi. Aliyewekwa kuiendesha mashine ya Muleba alikuwa mzee mmoja mrefu, mkavu, aliyeanza kazi ya simu za maandishi wakati wa Mwingereza, akipiga zile alama za nukta na mistari. Mjane. Watoto wake wengine wote walikuwa wametawanyika, amebaki na binti mmoja tu nyumbani, mwalimu wa shule ya msingi. Na huyo binti ndiye niliyekuwa nimemposa.

Ndiyo, nchi nzima ina mafundi, na Muleba nzima ina wazee, lakini wa kuzungusha swichi yangu akawa yeye. Na posa yangu ilikuwa bado haijajibiwa. Mshenga wangu alikuwa amekwenda Muleba mara mbili na rubisi ya nguvu, pombe ya ndizi iliyokolea mtama mpaka inakuuma ulimi, na mara zote mbili mzee alikunywa, akashukuru, akasema, “Nitafikiri. Nikiwa tayari nitawaletea neno.” Basi nikawa nalala na hilo “nitafikiri” na kuamka nalo.

Huyo mshenga alikuwa katekista mstaafu wa Kashozi, jirani ya mama. Alivaa koti jua liwake au mvua inyeshe. Alikuwa amefanikisha ndoa nyingi mno, na alijivunia kwamba hakuna baba aliyewahi kumfukuza. Siri yake, alisema, ni subira. Mimi subira sina, hata leo sina, na ndiyo maana nilimchukua yeye.

Siku ya kipimo ikakaribia, nami nikaanza kutokwa na jasho. Kwetu kijana anayeposa hasemi na baba wa binti, husemewa. Ningewezaje kushika simu na kumwambia yule mzee, “Weka mbili! Weka tatu! Haya, rudisha!” mithili ya kondakta wa basi? Angeniona sina malezi. Nikampelekea mshenga swali hilo, nikitegemea aniambie nisiwe mjinga, kazi ni kazi. Akawaza, akakuna kidevu.

“Nitakuja mimi niseme kwa niaba yako,” akasema.

“Kwenye simu?”

“Kwani mshenga kazi yake ni nini?”

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi ya siku hiyo katekista wangu akafika karakanani, akavua viatu mlangoni ingawa sakafu yenyewe ilikuwa imejaa grisi, akaonyeshwa ile simu ya mafundi, ya kukoroga, iliyokuwa na waya wake peke yake hadi Muleba. Mkubwa wangu wa kazi akauliza huyu Ndugu ni nani. Nikamwambia ni mshauri. Akamtazama miguu mitupu, akatikisa kichwa, akaenda zake kutafuta chai.

Nilikuwa nimemwandalia mshenga maombi matatu ya kufikisha. La kwanza, mzee aweke swichi ya pili. La pili, aweke ya tatu, kisha apitishe mkanda niliomtumia pamoja na sanduku. La tatu, airudishe swichi kwenye ya kwanza. Mambo ya sekunde chache tu kwa watu wenye akili zao.

Simu ikaitika. Mshenga akainama mbele ya ile simu kama yuko kanisani, akaanza. Akamsalimu mzee. Akauliza migomba imeamkaje. Akauliza mvua, akauliza kikohozi, akauliza kwaya ya parokia, akamkumbuka marehemu mke wa mzee na kumwombea pumziko la milele, na kule Muleba nadhani mzee naye aliitikia, maana kulikuwa na kimya cha heshima. Mimi nimesimama na mkanda mkononi, natamani kumnyang’anya simu.

“Sasa, waitu,” mshenga akasema, na hilo neno letu la heshima alilivuta mpaka likawa refu, “kijana wetu ana ombi dogo kuhusu ile swichi.”

Mzee akaiweka ya pili bila tabu. Nikapitisha mkanda wangu. Ni vizuri nieleze: teleprinta zile ulikuwa unaandika kwanza, mashine inatoboa vitundu kwenye mkanda wa karatasi, kisha unaupitisha mkanda na maneno yanakwenda. Ukiutazama mkanda kwa macho huoni neno, unaona vitundu tu. Kinachokuja kutoka upande wa pili ndicho kinachochapwa kwenye karatasi. Nami kwenye mikanda yote, wangu na ule wa Muleba, nilikuwa nimetoboa sentensi moja ya majaribio: KAHAWA YA MULEBA NI NZURI KULIKO ZOTE. Vitabu vya mafunzo vilikuwa na sentensi zake, lakini mimi nilikuwa naposa, na anayeposa hapotezi nafasi.

Maneno yakaenda Muleba, yakageuka, yakanirudia yote, hakuna herufi iliyokufa njiani. Nikaruka kwa furaha.

Likaja ombi la pili. Mzee akaweka swichi ya tatu. Hapo mshenga alitakiwa kumwambia kwamba sasa mashine yake itajirudishia maneno yenyewe. Lakini mshenga hakuelewa jambo hilo nilipomweleza, nilipomrudia hakulielewa, na mtu asiyeelewa hutia chumvi.

“Pitisha mkanda ule, waitu,” akamwambia, “na sisi huku Bukoba tutakujibu kwa adabu zote.”

Tutamjibu wapi! Mimi nilikuwa nyuma ya kabati la mitambo nakaza waya, sikusikia. Nilichosikia ni mshenga akipiga kofi. “Imefika! Anasema amepata jibu! Anasema ni maneno mazuri sana, kijana ana adabu!”

Nikajua tu kwamba kipimo kimefaulu. Nikamwonyesha mshenga kidole kimoja, maana yake swichi irudi ya kwanza. Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho, akashukuru, akaaga, akaaga tena, akaweka simu chini.

“Umemwambia airudishe?” nikamuuliza.

“Mwanangu,” akasema huku anavaa viatu, “mambo yamekwenda vizuri sana.”

Akaondoka kwenda sokoni kutafuta dagaa. Nami nikaandika kwenye ripoti kwamba njia ya Bukoba na Muleba ni nzima.

Yaliyofuata huko Muleba nilikuja kusimuliwa na mchumba wangu, ambaye mchana ule alikuwa amempelekea baba yake chakula ofisini. Alimkuta mzee amefurahi, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Kijana wa mjini, fundi, aliyesoma Dar es Salaam, ametumia mashine ya serikali kuisifia kahawa ya Muleba! Mzee akamwambia binti yake akae hapo ashuhudie. Alikuwa ameamua kuleta lile neno lake, na atalileta kwa mashine, yeye mwenyewe, bila mshenga, kwa sababu mzee ana ruhusa ya kusema na kijana moja kwa moja, ni kijana tu asiye na ruhusa.

Akatoboa mkanda, akaupitisha. HUJAMBO KIJANA.

Hata mkanda haujaisha, karatasi ikaanza kuchapwa. HUJAMBO KIJANA.

Mzee akasogeza miwani. “Ananikatiza,” akasema. “Sijamaliza, yeye anajibu. Na anajibu hujambo, tena kijana! Kwangu mimi! Shikamoo imemshinda?”

“Labda amekosea, baba,” binti akasema.

“Sawa. Watoto wa mjini.” Akameza hasira, maana alikuwa na jambo kubwa zaidi la kusema. Akatoboa polepole, kwa uangalifu. NIMEKUBALI. NJOO JUMAMOSI NA WAZEE WAKO.

Na mashine ikamchapia: NIMEKUBALI. NJOO JUMAMOSI NA WAZEE WAKO.

Jamani. Mnaelewa alichosoma? Katika nchi ya Wahaya, tangu migomba ilipoanza kuota, upande wa mvulana ndio unaokwenda na vibuyu kwa upande wa msichana, wanapiga magoti, wanaomba. Halafu anatokea kitoto cha Kashozi, hakina hata shamba la kujivunia, kinamwita baba wa binti aje mjini na wazee wake!

“Amekubali!” mzee akapiga kelele. “Amekubali nini? Kwani nani amemposa yeye?”

Akaanza kutoboa kwa nguvu mpaka meza inatikisika. UNAJUA UNASEMA NA NANI. Mashine ikamjibu: UNAJUA UNASEMA NA NANI. “Mimi najua!” akaiambia mashine. “Wewe je?” HUNA ADABU. HUNA ADABU. NITAMWAMBIA BABA YAKO. NITAMWAMBIA BABA YAKO.

Hasira ilimsahaulisha kwamba baba yangu ni marehemu, na baba yake yeye mzee alikuwa amezikwa Izimbya tangu zamani za Mkoloni. Hapo binti akashindwa kujizuia, akacheka, na akafukuzwa ofisini na sahani zake.

Huku Bukoba mimi sina habari. Teleprinta yangu kimya. Kesho yake kimya, keshokutwa kimya. Wakubwa wakauliza mbona takwimu za kahawa haziji, nikawaambia labda Muleba kahawa haijakauka. Yaani nilikuwa nimetulia, na usiku naota harusi.

Jumamosi asubuhi simu ya karakana ikalia. Alikuwa mchumba wangu, anapiga kutoka posta ya Muleba, na sauti yake ilikuwa ya mwalimu aliyeshika fimbo.

“Umemfanya nini baba yangu?”

“Mimi? Nimefanya nini?”

“Usinifanye mtoto! Umemwita Bukoba na wazee wake, na amepanda basi nao, wako njiani! Amesema umemwita atakuja, umwone vizuri, na baada ya hapo nisikutaje tena nyumbani kwake. Ulikuwa umelewa?”

“Sijamwita mtu!”

“Nimeona kwa macho yangu! Akiandika neno, wewe unamrudishia lilelile. Kumdhihaki mzee wa watu namna ile!”

Papo hapo akili ikanifunguka. “Subiri. Swichi iko wapi?”

“Swichi gani?”

“Swichi ya sanduku! Iko ya ngapi?”

“Mawe!” akalia, ndiyo “mama wee” ya Kihaya. “Ninakuambia habari za posa, wewe unaniuliza habari za swichi! Basi oa hiyo swichi!” Akakata.

Nilikimbia. Mshenga alikuwa amekuja mjini kwa misa ya asubuhi, nikamkuta nje ya kanisa anapiga soga na wanakwaya. Nikamvuta kwa koti.

“Siku ile ulimwambia mzee airudishe swichi ya kwanza? Ndiyo au hapana?”

“Hapana,” akasema, tena kwa fahari. “Hilo nililiacha makusudi.”

“Makusudi!”

“Mwanangu, huwezi kumwomba mtu kila kitu kwa siku moja. Ukimaliza maombi yote utarudi kwake na sababu gani? Mshenga anayejua kazi huacha jambo moja kiporo. Hilo la swichi ya kwanza nilikuwa nimepanga kumpelekea pamoja na rubisi.”

Haki ya Mungu, nilimtazama koti lake, nikatazama mikono yangu, nikajishika mikono mwenyewe. Wenye hekima walisema hasira hasara, lakini hao wenye hekima hawakuwa wameposa. Ningekuwa na la kufanya ningelifanya, ila basi la Muleba lilikuwa linashuka kilima na honi yake inasikika mpaka tulipo.

Walipofika karakanani walikuwa watatu: mzee wangu mbele na wenzake wawili nyuma, suti zao za Pasaka, fimbo mkononi, vumbi la njiani limewapaka nyusi. Nikapiga magoti kwenye grisi. “Shikamooni, wazee wangu.”

Hakuna aliyeitikia. Kama hujawahi kunyimwa marahaba na watu watatu kwa mpigo, usiseme umewahi kuona fedheha.

“Tumeitwa,” mzee akasema juu ya kichwa changu, anamwambia ukuta. “Tumekuja.”

Mshenga akanivuta pembeni, nyuma ya kabati la mitambo, na hapo nikaanza kumnong’oneza: nitawaonyesha! Nitaiweka modemu yetu kwenye nafasi ya tatu, wote wataona maneno yakirudi, watajua kwamba sikusema hata neno moja, kwamba mzee amegombana na yeye mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho!

“Vizuri sana,” mshenga akasema. “Na wenzake wale wawili watarudi Muleba waseme nini kilabuni? Kwamba fulani alijitukana, akajiita hana adabu, akajitishia kwa baba yake, akapanda basi kuja kujilalamikia? Utashinda kesi, na mke hutampata.”

“Basi nifanye nini?”

“Omba radhi.”

“Kwa maneno ambayo sikuyasema?”

“Kwani unamtaka binti au unataka haki?”

Swali gani hilo. Nilikuwa navitaka vyote viwili, na nilikuwa navitaka saa hiyohiyo. Nilisimama pale pua imenifura, na nasikia upande wa pili wa kabati yule mzee anakohoa kikohozi kile kile ambacho mshenga alikuwa amekiulizia kwenye simu. Nikawaza: nikiomba radhi, nitampata mke na jina la mtovu wa adabu maisha yangu yote. Nikimthibitishia mbele ya wenzake, nitamwaibisha mzee mzima, na binti hatanisamehe hata mzee akinisamehe. Lazima ajue, lakini ajue peke yake.

Nikatoka nikawaambia wazee kwamba mitambo hii haipendi watu wengi, joto la miili linaichafua. Ulikuwa uongo mtupu. Lakini naomba mzee mwenye kazi, ambaye ni mtaalamu mwenzetu, anisaidie kukagua kasoro. Neno “mtaalamu” likamlegeza shingo kidogo. Mshenga akawachukua wale wawili nje kwenye benchi, akawapa chai kavu isiyo na sukari, akaanza kuwasimulia maisha ya watakatifu, kazi aliyoijua.

Nikamkalisha mzee kwenye teleprinta. Nikazungusha swichi ya modemu yetu mpaka ya tatu, mbele ya macho yake.

“Mzee,” nikasema, “sasa mashine hii haisemi na mtu yeyote. Andika jambo ambalo mimi silijui, wala siwezi kulijua, ili ukiliona limerudi usiseme ni mimi. Mimi nageuka ukutani.”

Nikageuka. Nikasikia kiti kinasogezwa. Halafu vidole vikaanza, tena kwa kasi niliyoshangaa, maana mkono ule ulikuwa umezoea kazi kabla mimi sijazaliwa. Mashine ikatoboa. Nikamsikia anang’oa mkanda, anauweka mahali pake, anaupitisha. Na hapo hapo karatasi ikaanza kuchapwa.

Ikanyamaza. 

“Imerudi?” nikauliza ukuta.

“Kuna kitu kimechapwa,” akasema. Halafu akakohoa. “Kimeandikwaje? Miwani nimeiacha Muleba. Niliondoka kwa hasira.”

“Mzee, si tulisema mimi nisijue?”

“Sasa nani atanisomea? Wale walioko nje?” Akashusha sauti. “Soma wewe.”

Nikageuka, nikainama juu ya karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kucheka moyoni, nasema kweli, nilitegemea kukuta ametukana. Nikasoma kwa sauti ya chini.

“Binti yangu akiondoka nitabaki na nani.”

Hakunitazama. Alikuwa anatazama swichi.

“Soma tena,” akasema.

Nikasoma tena. 

“Ndiyo,” akasema. “Ni maneno yangu hayo. Wewe usingeyajua.” Akakaa. “Kwa hiyo yale ya siku ile nayo yalikuwa yangu. Yote.”

“Swichi ilikuwa na kasoro, mzee.”

“Haikuwa na kasoro. Iliachwa vibaya.” Nikaona bega lake linatikisika, nikaogopa kwamba analia, kumbe anacheka, kile kicheko kikavu kisicho na sauti. “Nitamwambia baba yako,” akasema, akajipiga paja. “Yesu na Maria! Nilimtisha nani mimi?”

Nikacheka naye, mkono mdomoni ili walioko nje wasisikie. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Halafu kicheko kikamwisha ghafla, akaikunja ile karatasi ikawa ndogo sana, akabaki ameishika kwenye ngumi, na uso ukamrudia ule wa mtu anayekula chakula chake peke yake jioni. Lile swali lilikuwa bado liko pale mezani. Mashine ilikuwa imemrudishia kama alivyoliuliza, na mashine haina kosa, hiyo ndiyo kazi yake.

Nje nilimsikia mshenga akiwa amefika kwa mashahidi wa Uganda. Kwa desturi ningemwita, naye angeingia avue viatu, aulize habari za migomba, na jibu angeliacha kiporo mpaka safari nyingine. Mama yangu alikuwa Kashozi ananisubiri nimletee mkamwana pale pale kibanjani, kwenye migomba ya marehemu baba. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa hajui lolote, na kuomba uhamisho wakati ule ilikuwa kama kuomba sukari. Hata mchumba mwenyewe alikuwa ameniambia nioe swichi. Sikuwa nimemuuliza hata mmoja wao.

“Na sisi, baba,” nikamwambia. “Utabaki na sisi. Nitahamia Muleba.”

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita baba. Akainuka harakaharaka akasema wenzake wanangoja, basi la kurudi halimsubiri mtu, na kofia yake ameiweka wapi. Akaitafuta juu ya meza, akaitafuta chini ya kiti, akaenda kuitafuta mpaka nyuma ya kabati la mitambo, nami nikamsaidia kuitafuta, ingawa ilikuwa kichwani mwake muda wote.